Jina la Mungu Kinywani mwa Mhusika: Neno na Majirani Wake

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, unatarajiwa uweze:

(a) kueleza tofauti kati ya maana ya msingi ya neno na fikra ambazo neno hilo huziamsha akilini;
(b) kuonyesha, kwa mifano ya Busia na Malaba, jinsi majina mbalimbali ya Mungu yanavyobeba fikra tofauti;
(c) kubainisha kazi ya jina la Mungu katika usemi wa mhusika;
(d) kujibu swali la sifa za mhusika bila kupotoshwa na neno moja.

1. Kosa linalojirudia

Swali linakutaka ueleze sifa za mhusika fulani katika kitabu chako teule. Unakumbuka kwamba alisema "Mungu akipenda" katika onyesho la kwanza na "Namshukuru Mungu" katika onyesho la tatu. Unaandika upesi: *Ni mcha Mungu. Anamtaja Mungu mara nyingi.* Kisha unahamia hoja inayofuata ukiamini alama zimeshaingia.

Rudi nyuma kidogo. Je, ni nani katika fasihi asiyemtaja Mungu? Mjane anayelia humtaja. Tajiri aliyempokonya mjane huyo shamba humtaja pia, tena mbele ya watu. Mwizi huapa kwa jina lake. Kiongozi dhalimu humshukuru hadharani kwa kupewa kiti. Ikiwa kumtaja Mungu ndiko kumcha, basi wahusika wote ni wacha Mungu na sifa hiyo haina maana tena.

Huhitaji kitabu ili kulithibitisha jambo hili. Simama asubuhi moja Malaba, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda, au katika stendi ya Busia wakati matatu zinajaza abiria. Sikiliza. Utingo anaapa haki ya Mungu kwamba gari limebakisha mtu mmoja, na viti vitatu vinaonekana wazi. Mama muuza omena anapokea noti ya kwanza ya siku na kushukuru kwa sauti ndogo. Kijana ameangusha simu na kupiga ukelele, "Mungu wangu!" Jina ni lile lile. Kazi si ile ile.

Somo hili linakufundisha namna ya kutofautisha kazi hizo. Njia ni moja: usitazame neno peke yake, tazama majirani wake.

2. Neno lina majirani

Chukua karatasi. Andika neno *mvua*. Chini yake, bila kufikiri sana, andika maneno matano ya kwanza yanayokujia. Pengine umeandika *mawingu, matope, mahindi, baridi, mwavuli*. Mwenzako wa Budalang'i, ambako Mto Nzoia hufurika, huenda akaandika *mafuriko* kabla ya yote. Kamusi yenu ni moja, lakini neno limewapeleka mahali tofauti.

Maneno hayo yanayokuja yenyewe ndiyo tunayoyaita hapa majirani wa neno. Maana iliyo katika kamusi ni maana ya msingi. Fikra na hisia zinazoletwa na majirani ni maana ya ziada. Mwandishi wa fasihi hutumia zote mbili, na mara nyingi ya pili ndiyo hubeba uzito zaidi.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka wa 1879 Mwingereza Francis Galton alieleza jinsi alivyojipima mwenyewe: aliandaa maneno 75, akayatazama moja moja, na kuandika kila wazo lililomjia. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya mawazo hayo ilitoka katika utoto na ujana wake. Mwaka wa 1971 Wamarekani David Meyer na Roger Schvaneveldt walionyesha kwamba msomaji hulitambua neno haraka zaidi likifuatana na jirani yake. Aliyesoma neno lenye maana ya *mkate* alilitambua upesi neno lenye maana ya *siagi*. Aliyesoma *muuguzi* alilitambua upesi *daktari*. Kwa maneno mengine, neno moja likiguswa, yaliyo karibu nalo huamka.

Zingatia jambo moja kabla hatujaendelea. Majirani wa neno si sawa na asili ya neno. Mfano mzuri umezaliwa papa hapa mpakani. Neno *bodaboda* linatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, likirudiwa mara mbili, kwa sababu waendesha baiskeli wa Busia na Malaba walikuwa wakiwabeba watu kati ya kituo cha mpaka cha upande huu na kile cha upande wa pili. Leo mtu wa Nakuru au Dar es Salaam akisikia *bodaboda* anafikiria pikipiki, vumbi, nauli na ajali. Mpaka haumjii akilini kabisa. Asili imebaki, majirani wamehama.

3. Majina yanayokutana mpakani

Kaunti ya Busia ina utajiri wa lugha ambao mwanafunzi wa fasihi anapaswa kuutumia. Wateso wanaishi Malaba, Amagoro na Amukura. Wakhayo wako Nambale na Matayos, Wamarachi Butula, Wasamia Funyula, na Wanyala Budalang'i. Wajaluo ni majirani, na kutoka Uganda huja Waganda, Wasoga na wengine kufanya biashara. Kiswahili huwaunganisha wote. Katika soko moja, basi, Mungu anaweza kuitwa kwa majina sita au saba kabla ya saa sita mchana. Tuyatazame machache pamoja na majirani wake.

*Akuj.* Hili ni jina la Kiteso, na Waturkana wanalo pia. Linahusiana na neno lenye maana ya juu. Anayelitumia anamweka Mungu mahali: juu, mbinguni, mbali na mikono ya watu. Fikra hii si ya Wateso pekee. Mwaka wa 2007 Brian Meier na wenzake walichapisha majaribio waliyoyafanya Marekani, yaliyoonyesha kwamba watu walitambua maneno yanayohusu Mungu haraka zaidi yalipotokea sehemu ya juu ya kioo cha kompyuta kuliko sehemu ya chini. Tazama pia vidole vya wachezaji wa kandanda baada ya bao: vinaelekea wapi?

*Edeke.* Hili nalo ni la Kiteso, lakini lina historia tofauti. Walioandika kuhusu dini ya jadi ya Wateso wanaeleza kwamba Akuj alikuwa mwenye uwezo wote na aliye mbali, ilhali Edeke alihusishwa na balaa. Jina lenyewe linafanana na neno la ugonjwa katika lugha hiyo. Hata hivyo, leo Wakristo wengi Wateso, hasa upande wa Uganda, wanamwita Mungu wa Biblia Edeke. Bibi anayelitaja katika sala yake ya jioni hafikirii ugonjwa, anafikiria rehema. Ni kama *bodaboda*: asili iko pale, majirani wamehama.

*Were* na *Wele.* Majina haya ni ya Waluhya: Were kwa Wasamia na majirani zao, Wele kwa Wabukusu wa Bungoma. Wabukusu humwita Wele Khakaba, yaani Mungu mgawaji, anayempa kila mtu fungu lake. Jirani wa jina hili ni kugawa: mavuno, watoto, bahati. Kumbuka pia kwamba Were ni jina la watu. Huenda mwanafunzi aliyeketi dawati la mbele anaitwa Were. Kwa wanaosoma naye, neno hilo lina jirani mwingine wa kawaida kabisa: rafiki.

*Nyasaye.* Linatumiwa na Wajaluo na pia katika lahaja kadhaa za Kiluhya. Hufungamanishwa na kitenzi cha kuomba. Hapa Mungu hatambulishwi kwa mahali alipo, bali kwa jambo ambalo watu humfanyia: ni yule anayeombwa.

*Katonda.* Ni la Kiganda, kutokana na kitenzi chenye maana ya kuumba. Jirani wake ni kazi ya mwanzo: aliyefanya vitu vikawapo.

Kiswahili chenyewe kina majina mengi, na mwandishi huchagua kwa makusudi. *Mola* limetoka Kiarabu, na huleta fikra za bwana na mlinzi. *Mwenyezi* ni mwenye ezi, yaani mwenye nguvu na mamlaka. *Karima* hudokeza ukarimu, *Jalali* hudokeza utukufu. *Muumba* latokana na kuumba. Hata herufi ya kwanza ina kazi: *Mungu* kwa herufi kubwa huvuta ibada na sala, lakini *miungu*, au *mungu* kwa herufi ndogo, huvuta sanamu na vitu vinavyoabudiwa isivyostahili. Mwandishi akisema mhusika amefanya pesa kuwa mungu wake, hahitaji kuongeza kwamba anamkosoa.

Kwa hiyo mhusika akimwita Mungu *Mola* katika ukurasa mmoja na *Muumba* katika mwingine, usiseme tu kwamba mwandishi anakwepa kurudia neno. Jiulize: hapa anahitaji mlinzi, au anamkumbuka aliyemfanya?

4. Swali lililozaa jina

Kuna kisa kinachoonyesha kwamba uteuzi wa neno si mchezo. Kinasimuliwa na Okot p'Bitek, mwandishi kutoka Gulu, Uganda, aliyeishi kati ya 1931 na 1982 na anayejulikana sana kwa utenzi wake *Song of Lawino* uliotoka 1966. Kisa hiki kimo katika kitabu chake *African Religions in Western Scholarship*.

Anaeleza kwamba mwaka wa 1911 mapadre wa Kitaliano waliwakusanya wazee wa Kiacholi na kuwauliza ni nani aliyewaumba. Katika lugha ya Kiacholi hapakuwa na neno lililobeba fikra hiyo kama wageni walivyoielewa, kwa hiyo swali likageuka kuwa: ni nani aliyewafinyanga? Wazee walishangaa. Mtu huzaliwa na mama yake, hafinyangwi. Mapadre walishikilia swali lao. Mwishowe mzee mmoja alikumbuka kwamba wapo watu ambao mgongo wao huharibika kwa maradhi ya uti wa mgongo, wakapinda na kuwa na kibyongo, kana kwamba wamefinyangwa upya. Roho mbaya iliyoaminika kuleta maradhi hayo iliitwa Rubanga. Basi jibu likatolewa: anayefinyanga watu ni Rubanga. Jina hilo likaandikwa, likafundishwa, na likawa jina la Mungu makanisani.

Soma tena kisa hiki polepole. Hakuna aliyesema uongo. Wazee walijibu kwa uaminifu swali walilolisikia. Mapadre waliandika kwa uaminifu jibu walilopewa. Lakini neno *kufinyanga* lilikuwa na majirani tofauti katika vichwa vya pande mbili. Kwa mapadre, jirani wake alikuwa udongo wa Mwanzo na pumzi ya uhai. Kwa wazee, jirani wake alikuwa mgongo uliopinda.

Sasa linganisha na lugha za Kibantu. Kitenzi *umba* cha Kiswahili ni ndugu wa *bumba* cha Kiganda na cha Kiluhya, na *bumba* ni kazi ya mfinyanzi: kuchukua udongo na kutengeneza chungu. Anayemwita Mungu *Muumba* anatumia, pengine bila kujua, neno la mtu mwenye udongo mikononi. Ufinyanzi ni ule ule. Upande mmoja umetupa jina la heshima linalokubalika na wote. Upande mwingine ulichukua jina la roho iliyoogopwa.

Okot alikuwa na lake la kusema. Alilalamika kwamba wageni waliovisoma vitu vya Afrika walivivalisha mavazi ya dini yao, kisha wakadai wamevikuta vikiwa vimevaa hivyo. Unaweza kukubaliana naye au kumpinga. Unapaswa pia kukumbuka kwamba vizazi vya Waacholi vimesali kwa jina hilo tangu wakati huo, na sala zao zimelipa majirani wapya. Funzo letu ni hili: anayechagua neno huchagua pia majirani wake, na asipowajua, watamjibu kwa namna asiyoitarajia. Ni hatari inayomkabili mhubiri, mfasiri, mwandishi, na wewe mtahiniwa.

5. Kazi za jina la Mungu katika usemi wa mhusika

Unaposoma kitabu chako teule, jina la Mungu litakuwa likifanya mojawapo ya kazi hizi. Wakati mwingine hufanya mbili kwa pamoja.

(i) *Sala.* Mhusika anamwelekea Mungu mwenyewe. Majirani: omba, nisaidie, samehe, machozi, upweke. Mara nyingi hakuna anayemsikiliza jukwaani.

(ii) *Mazoea.* Jina limo ndani ya usemi wa kila siku kama vile "Mungu akipenda" au "inshallah". Majirani: kesho, safari, kwaheri. Lenyewe halithibitishi imani wala kuikanusha.

(iii) *Mshangao.* "Mungu wangu!" Majirani: hofu, habari mbaya, ghafla. Linaonyesha hisia, si dini.

(iv) *Faraja ya mnyonge.* "Mungu si Athumani." Majirani: dhuluma, subira, siku moja. Hudokeza kwamba haki ya binadamu imeshindikana.

(v) *Ngao.* Mhusika anajificha nyuma ya jina ili asiulizwe. Majirani: mimi ni nani, si kosa langu, pesa, ahadi isiyotimizwa. Aghalabu hujenga kinaya.

(vi) *Kutaja bila kutaja.* Mhusika hatumii jina lolote, lakini anamsema Mungu kwa matendo yake: *aliyenipa, anayeona gizani*. Kazi hii hupitwa na wanafunzi wengi kwa sababu wanatafuta neno lenyewe.

6. Kifungu cha mazoezi

Kifungu hiki kimetungwa kwa ajili ya somo hili.

*(Malaba, alfajiri. Foleni ndefu ya malori. MAMA anakaanga mandazi kibandani. DEREVA, amejifunika shuka, ameketi juu ya kreti. AJENTI anaingia akiwa na bahasha.)*

AJENTI: Mzee, shikamoo. Kila kitu kiko tayari. Mungu akipenda, saa nne uko Tororo.

DEREVA: Jana ulisema Mungu akipenda. Juzi pia.

AJENTI: Mwenyezi Mungu ndiye hupanga, mzee wangu. Mimi ni nani? Wewe ongeza kidogo tu, leo mambo yaende.

DEREVA: Nimekupa mara mbili. Nionyeshe karatasi.

AJENTI: *(akirudi nyuma)* Huniamini? Naapa mbele ya Mungu...

DEREVA: *(akiichukua bahasha na kuifungua)* Mungu wangu! Siku tatu, na hakuna hata muhuri mmoja!

*(AJENTI anaondoka haraka. Kimya. MAMA anamimina chai na kuweka mandazi mawili kwenye sahani.)*

MAMA: Kunywa chai, mwanangu.

DEREVA: Mama, mfukoni sina kitu.

MAMA: Utalipa ukirudi.

DEREVA: Na nisiporudi?

MAMA: Aliyeninyeshea shamba mwaka jana hakuniuliza nitalipa lini. Kunywa, inapoa.

Uchambuzi

Hesabu kwanza. Ajenti anamtaja Mungu mara tatu. Dereva analitaja jina hilo mara mbili, mara moja akiyarudia maneno ya Ajenti. Mama hamtaji hata mara moja. Mwanafunzi anayehesabu majina atasema kwamba Ajenti ndiye mcha Mungu wa onyesho hili.

Sasa tazama majirani. "Mungu akipenda" ya kwanza ya Ajenti ingeweza kuwa mazoea, lakini Dereva anatufahamisha kwamba imesemwa siku tatu mfululizo bila matokeo. Kwa hiyo mazoea yamegeuka kuwa njia ya kuahirisha. Usemi wake wa pili umepakana na "mimi ni nani?" na "ongeza kidogo tu". Jirani wa Mwenyezi ni pesa. Chunguza pia kwa nini mwandishi amempa jina *Mwenyezi* hapa na si *Mola*. Ajenti anahitaji mwenye mamlaka makubwa ili yeye aonekane hana mamlaka yoyote, hivyo asilaumiwe. Hii ni ngao. Mara ya tatu anaapa, na bahasha inamkanusha papo hapo. Huo ni kinaya.

Mshangao wa Dereva hautuambii lolote kuhusu dini yake. Unatuambia kwamba ameumia.

Mama hatumii jina. Anasema "aliyeninyeshea shamba". Tunajua anamsema nani, kwa sababu mvua, shamba na kupewa bila kudaiwa ni majirani wa Mungu katika eneo hili la wakulima. Isitoshe, maneno yake yamepakana na tendo: chai imeshamiminwa kabla hajayasema. Imani yake imo katika sahani yenye mandazi mawili.

Jibu dhaifu na jibu zuri

*Swali:* Eleza sifa mbili za Ajenti. (alama 4)

*Jibu dhaifu:* Ajenti ni mcha Mungu kwa sababu anamtaja Mungu. Pia ni mwenye heshima kwa sababu anasema "mzee wangu".

*Jibu zuri:* Ajenti ni mnafiki. Anaapa mbele ya Mungu kwamba amefanya kazi, ilhali karatasi hazina muhuri. Pia ni mwenye tamaa. Amelipwa mara mbili na bado anamtaka Dereva aongeze.

Angalia kwamba jibu zuri halisemi kwamba Ajenti hana dini. Hilo hatulijui, na si kazi yako kulihukumu. Unahukumu usemi na matendo yaliyo kwenye ukurasa. Katika darasa la Busia wamo Wakatoliki, Waanglikana, Waislamu na wengineo, na pengine kila mmoja alijifunza jina la kwanza la Mungu katika lugha ya nyumbani. Heshimu jina la kila mmoja. Chambua kazi yake.

7. Hatua za kufuata katika mtihani

1. Tafuta jina la Mungu, au usemi unaomsema Mungu bila jina.
2. Soma sentensi iliyotangulia na iliyofuata. Orodhesha maneno yaliyo karibu.
3. Uliza: anaambiwa nani, na msemaji anataka nini wakati huo?
4. Linganisha usemi na tendo. Vikipatana, una ushahidi wa imani. Vikipingana, una kinaya au unafiki.
5. Uliza kwa nini ni jina hili na si lingine: *Mola, Muumba, Mwenyezi*, au jina la lugha ya mama.
6. Andika sifa, kisha ushahidi. Usiandike sifa bila tendo.

Maswali ya marudio

1. Tofautisha maana ya msingi na maana ya ziada ya neno. Toa mfano mmoja kutoka eneo unakoishi. (alama 4)
2. "Asili ya neno si majirani wake wa leo." Thibitisha kauli hii ukirejelea maneno *bodaboda* na *Edeke*. (alama 4)
3. Eleza jinsi kitenzi cha kufinyanga kilivyoleta matokeo tofauti katika kisa cha Okot p'Bitek na katika neno *Muumba*. (alama 4)
4. "Aliyeninyeshea shamba mwaka jana hakuniuliza nitalipa lini."
 (a) Eleza muktadha wa dondoo hili. (alama 4)
 (b) Bainisha kazi ya usemi huu katika kumjenga Mama. (alama 2)
5. Chagua mhusika mmoja katika kitabu chako teule anayemtaja Mungu angalau mara mbili. Onyesha kazi ya kila mtajo kwa kurejelea majirani wake. (alama 6)
6. *Zoezi la nyumbani.* Andika jina la Mungu katika kila lugha unayoijua. Chini ya kila jina, andika maneno matano ya kwanza yanayokujia. Mwombe babu, bibi au mzazi afanye vivyo hivyo kwa mdomo. Linganisha orodha hizo. Ni jirani yupi aliye katika orodha yake lakini hayumo katika yako, na amepotelea wapi?

Mwongozo wa swali la 4(a)

Taja mambo manne: msemaji ni Mama, muuza mandazi; anayeambiwa ni Dereva; mahali ni kibandani Malaba, kando ya foleni ya malori; na sababu ni kwamba Dereva, aliyetapeliwa na Ajenti na kubaki bila pesa, ameuliza itakuwaje asiporudi kulipa. Kila jambo ni alama moja. Ukiandika tu kwamba "Mama anazungumza kuhusu mvua", utakuwa umelisikia neno na kuwapita majirani wake.